Nafasi ya Mezani: Chumba Kidogo cha Kulia cha Mtito Andei na Swali la Upana

Chumba chenye upana wa mita tatu hakiwezi kupewa mita ya nne na rangi, wala kioo, wala taa. Hata hivyo mtu anayeingia katika vyumba viwili vyenye vipimo vilivyo sawa huweza kusema, wala asiwe amekosea, kwamba kimoja kina nafasi na kingine kinabana. Kauli hiyo ya kawaida inabeba mambo mawili magumu. La kwanza linahusu asili ya nafasi yenyewe: ikiwa utepe wa kupimia hauoni tofauti yoyote baina ya vyumba hivyo, basi upana ule wa ziada uko wapi, ukutani, machoni mwa anayetazama, au katika uhusiano wa watu wanaokaa humo? La pili ni la maadili: mtu anayekifanya chumba kidogo kionekane kikubwa anatenda kazi gani hasa, ya kudhihirisha jambo lililokuwa limefichika au ya kudanganya? Maswali haya kwa kawaida huachiwa mafundi na wauza samani, lakini chumba cha kulia kinastahili kuulizwa kwa uzito kuliko chumba kingine chochote cha nyumba, kwa kuwa ndipo mahali ambapo dini nyingi zimewakutanisha mwenyeji, mgeni na maskini, zikatazama nani anapewa kiti na nani anaachwa mlangoni.

Mtito Andei, mji wa Kaunti ya Makueni ulio karibu katikati ya safari ya barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa, ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huu. Mji huo umezungukwa na uwazi ambao jicho halioni mwisho wake: hapo ndipo lilipo lango mojawapo la mbuga ya Tsavo Magharibi, Tsavo Mashariki imetanda ng'ambo ya reli, na mbuga hizo mbili, zilizotengwa kuwa hifadhi moja mwaka 1948 kabla ya kugawanywa, zina eneo linalozidi kilomita za mraba 20,000 kwa pamoja, huku mto Athi, unaoitenganisha Makueni na Kitui, ukipita upande wa pili. Lakini watu wa mjini, kama watu wa miji yote iliyozaliwa kando ya barabara kuu, hula katika vyumba vidogo, kwa sababu ploti hukatwa nyembamba ili kila mmoja apate uso wa kuelekea barabarani, duka au hoteli huchukua mbele, na familia hubaki na vyumba vya nyuma. Kuta huwa za mawe au matofali, sakafu huwa ya saruji, paa ni la mabati, na milango na madirisha ni ya chuma iliyochomelewa katika karakana ya jirani. Chumba cha kulia, pale ambapo kipo kabisa, ni kile kinachosalia baada ya mahitaji mengine yote kuhesabiwa.

Vifaa hivyo ndivyo vinavyopendwa sasa na wapambaji wa nyumba katika miji mikubwa chini ya kile kinachoweza kuitwa mtindo wa kiwanda, yaani namna ya kupamba ambayo huziacha wazi zile sehemu za jengo zinazofichwa kwingine, kama vile tofali lisilopigwa lipu, nguzo za chuma, mabomba, mirija ya nyaya za umeme na balbu tupu, ili ziwe ndizo mapambo. Asili inayotajwa zaidi ni mtaa wa SoHo wa jijini New York, ambako kuanzia miaka ya 1960 wasanii walihamia katika viwanda na maghala ya karne ya 19 yaliyoachwa na wenyewe, wakakaa humo bila kuyafunika. Katika Ukambani, nchi ya Wakamba ulimo mji huo, chuma kina historia ndefu zaidi na iliyo karibu zaidi na mwili. Wahunzi wa Kikamba walisifiwa kwa mikufu yao myembamba kabla ya mgeni yeyote kuleta reli, na reli ya Uganda, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ilipita katika nyika hiyo ikiacha nyuma yake mataruma, karakana na ustadi wa kuunganisha vyuma. Mtu wa Mtito Andei anayeacha chuma na saruji vionekane haigi kiwanda cha mbali. Anakubali tu kwamba nyumba yake imejengwa kwa vifaa hivyo.

Hata hivyo mtindo huo una tatizo la ndani ambalo wanaousifu hawalitaji. Majengo ya SoHo yalikuwa na dari za juu sana na madirisha makubwa yaliyowekwa ili mafundi waone kazi zao kabla ya umeme kuenea, na kwa hiyo giza la chuma na wekundu wa tofali vilimezwa na mwanga mwingi. Chumba cha nyuma cha ploti nyembamba hakina urefu huo wala madirisha hayo. Kinachohamishwa ni vazi bila ya mwili uliolivaa, na matokeo yake ni chumba kinachobana kuliko kilivyokuwa, kwa kuwa uso mweusi na wenye mikwaruzo hunyonya mwanga ambao uso mweupe ungeurudisha, na jicho, likikosa mwanga katika pembe za chumba, huziona pembe hizo zikiwa karibu.

Mambo yanayofanyika kuliondoa tatizo hilo yanajulikana, na inafaa kuyaeleza pamoja na sababu zake, maana ndani ya sababu hizo ndimo falsafa ya suala hili inamoanzia. Kuta tatu hupakwa chokaa au rangi nyeupe yenye joto kidogo, na ukuta mmoja tu, ulio mbali na mlango, ukaachwa na tofali lake, kwa sababu jicho huhukumu kina cha chumba kwa ukuta wa mwisho linaoufikia, na ukuta wenye umbile la kuonekana wazi humpa mtazamaji mahali pa kutua. Meza hutengenezwa kwa ubao juu ya miguu myembamba ya chuma, kwa kuwa sakafu inayoonekana chini ya meza huhesabiwa na akili kuwa sehemu ya nafasi, ilhali meza yenye mbavu za mbao hadi chini huikata sakafu vipande viwili. Benchi refu huegemezwa ukutani badala ya viti, kwa hesabu rahisi: mlaji mmoja huhitaji takriban sentimita 60 za ukingo wa meza, na mtu wa kupita nyuma ya kiti kilichokaliwa huhitaji karibu sentimita 90, hivyo upande uliofutiwa njia ya kupita humrudishia mwenye nyumba karibu mita nzima. Rafu huwa za vyuma vyembamba zisizo na milango. Taa huwa zaidi ya moja na hushuka juu ya meza au kuangaza kuta, kwa sababu balbu moja katikati ya dari huacha pembe zote gizani. Ama paa, shauri la kuacha mabati na vyuma vyake wazi ili chumba kipate urefu ni shauri jema mahali penye baridi, lakini katika nyika ya Mtito Andei bati tupu la saa nane mchana humfukuza mlaji mezani, na kwa hiyo inafaa kuweka kizuizi cha joto kati ya bati na boriti, kisha kuacha boriti zionekane chini yake, na kutoboa tundu la hewa juu ya ukuta ili joto litoke. Nafasi isiyokalika ni urefu wa mahesabu tu.

Katika hatua zote hizo hakuna hata moja inayobadilisha ujazo wa chumba, na hapo ndipo swali la kwanza linapodai jibu. Aristotle, katika kitabu cha 4 cha Fizikia, alieleza kwamba mahali pa kitu ni mpaka wa ndani wa kile kinachokizingira, na kwa maana hiyo chumba ni kuta zake tu, wala hakiwezi kuwa kikubwa au kidogo kwa namna nyingine yoyote. Newton, baada ya karne nyingi, aliifikiria nafasi kuwa kitu kilichopo chenyewe, chenye kubaki vilevile kiwe na vitu au kisiwe navyo. Leibniz alimpinga katika barua alizoandikiana na Samuel Clarke, mtetezi wa Newton, kati ya mwaka 1715 na 1716, akishikilia kwamba nafasi si chombo kinachotangulia vitu, bali ni mpangilio wa vitu vinavyokuwepo pamoja, hivi kwamba vitu vikiondolewa vyote hakuna nafasi inayobaki kusubiri. Mabishano hayo yalihusu ulimwengu na Muumba wake, si meza ya chakula, lakini yanamhusu mwenye chumba kidogo moja kwa moja: akimfuata Newton, hana la kufanya ila kubomoa ukuta, akimfuata Leibniz, kubadilisha mpangilio ni kuibadilisha nafasi yenyewe.

Jibu lililo karibu zaidi na Mtito Andei, kwa umbali na kwa maana, lilitolewa na John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, ambaye alianza hoja zake nyingi katika lugha na desturi za Wakamba wenzake. Kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika hukumbukwa kwa nadharia ya wakati, ile isemayo kwamba wakati katika fikra za jadi hufanywa na matukio, na kwamba wakati usio na tukio ni wakati usiokuwapo. Nadharia hiyo imekosolewa vikali, miongoni mwa wengine na Kwame Gyekye wa Ghana, hasa kwa madai yake juu ya wakati ujao. Jambo lisilotazamwa sana ni kwamba Mbiti aliligusa pia suala la nafasi, kwa maneno machache, akasema kwamba nayo, kama wakati, hufafanuliwa na kile kilichomo ndani yake, na kwamba kilicho karibu na mtu ndicho chenye uzito kwake. Hata mtu anayeikataa nadharia yake ya wakati anaweza kulikubali wazo hili la nafasi, kwa sababu linaeleza jambo ambalo vipimo peke yake haviwezi kulieleza. Chumba cha kulia kina nafasi pale ambapo kinachotakiwa kufanyika humo kinafanyika bila kuzuiwa: mkono unafika kwenye bakuli, mzee anainuka bila kuwasumbua watu wanne, mtoto anapita na jagi la maji, na macho ya aliyeketi mwisho yanamwona aliyeketi mwanzo. Kinabana pale ambapo mambo hayo yanakwama, hata kama ni ukumbi.

Ushahidi wa jambo hili uko barabarani. Kwa miongo mingi Mtito Andei ilikuwa kituo cha mlo cha mabasi na malori ya kati ya bandari na bara, na hoteli zake zilijengwa kwa kutarajia basi zima literemke kwa mara moja. Tangu treni ya reli ya kisasa, SGR, ianze safari zake mwaka 2017, ikiwa na kituo Mtito Andei penyewe, sehemu ya abiria na mizigo iliiacha barabara, na biashara za miji ya aina hiyo zikaumia. Ukumbi wenye meza ishirini na walaji watatu una hewa nyingi kwa kila mtu, lakini hakuna anayeingia humo akasema kwamba ana nafasi, husema pamepooza. Uwazi na nafasi ni vitu viwili mbalimbali, na wapambaji wanaoshauri kila kitu kiondolewe chumbani, abaki mwenye nyumba na meza moja na viti viwili katikati ya saruji iliyong'arishwa, wanauza uwazi kwa jina la nafasi. Ushauri huo una gharama ambayo haiandikwi popote: kila kiti kinachoondolewa ili jicho lipumue ni mtu ambaye hataitwa kula.

Swali la pili, lile la udanganyifu, linaukabili mtindo wa kiwanda kwa ukali wa pekee, kwa sababu mtindo huo hujisifu kwa ukweli. Unadai kwamba hauvishi jengo vazi la uongo, kwamba tofali ni tofali na bomba ni bomba. Mtu anayeudai ukweli huo kisha akatundika kioo kikubwa ukutani ili meza moja ionekane mbili anaonekana kujipinga mwenyewe. John Ruskin, mhakiki wa Uingereza ambaye kitabu chake cha mwaka 1849 juu ya taa saba za usanifu majengo kilitenga sura nzima kwa ajili ya ukweli, alilaani mapambo yanayojifanya kuwa kitu yasichokuwa, kama vile mbao zilizochorwa zifanane na marmari, na wala hakupenda chuma kibebe uzito wa jengo. Lakini alitoa upambanuzi unaosaidia sana: dhahabu iliyopakwa juu ya jengo si uongo, kwa kuwa hakuna anayedhani jengo zima ni dhahabu, ilhali dhahabu iliyopakwa juu ya kito ni uongo, kwa kuwa mnunuzi huamini kwamba ni dhahabu tupu. Uongo, kwa kipimo hicho, hauko katika mwonekano, uko katika imani ambayo mwonekano unanuia kuizalisha. Kioo kinachojulikana kuwa kioo, kilichowekwa mkabala wa dirisha ili kupeleka mwanga wa mchana katika pembe ambayo haingeupata, hakimdanganyi mtu. Kinafanya kazi ya dirisha. Kioo kilichowekwa ili mpangaji au mnunuzi asijue chumba kinaishia wapi ni jambo jingine kabisa, na sheria ya maadili ya biashara katika dini zote zinazofuatwa Makueni ingeliita kwa jina lake.

Waswahili wa pwani walilimaliza jambo hili kabla ya Ruskin, kwa vitendo. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ambazo kwa kawaida haziruhusu zaidi ya mita tatu hivi. Mafundi hawakujaribu kuificha mipaka hiyo. Boriti ziliachwa zionekane, na katika chumba cha ndani kabisa ukuta ulichongwa zidaka, yaani safu za vishubaka vidogo vilivyopambwa kwa plasta, ambavyo huupa ukuta kina na kulifanya jicho liendelee mbele mahali ambapo mwili umekoma. Zidaka si ahadi ya chumba kingine kisichokuwepo. Ni ukuta ule ule ukitumiwa vizuri zaidi, nao hubeba vyombo na vitabu. Rafu za chuma za chumba cha Mtito Andei, zikiwekwa ndani ya unene wa ukuta au zikiwa nyembamba kiasi cha kuuacha ukuta uonekane nyuma yake, ni ndugu wa zidaka hizo, na mtindo wa kiwanda ungepata heshima zaidi Afrika Mashariki kama ungejifunza zaidi kutoka Lamu kuliko unavyojifunza kutoka SoHo.

Lakini chumba kinaweza kuwa kweli kwa vifaa vyake na bado kikawa cha uongo kwa watu wake, na kuhusu hilo mfano mzito zaidi unatoka Korintho. Katika sura ya 11 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, Mtume Paulo anawakemea Wakristo waliokutana kwa mlo wa Bwana kwa sababu baadhi yao walitangulia kula na kushiba huku wengine wakibaki na njaa. Kemeo hilo huweza kusomwa kama suala la uchoyo peke yake. Jerome Murphy-O'Connor, padri wa Kidominika aliyefundisha Jerusalem, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu Korintho ya Paulo, alipendekeza kwamba chanzo kimojawapo kilikuwa ukubwa wa chumba. Nyumba ya Kirumi yenye hadhi ilikuwa na triklinio, yaani chumba cha kulia ambamo vitanda vya kuegemea viliwekwa kwa kufuata kuta tatu, na nyumba aliyoitolea mfano, iliyofukuliwa katika eneo la Anaploga, ilikuwa na triklinio ya mita 5.5 kwa 7.5. Chumba hicho hakikuwa kidogo kwa kipimo cha ploti ya Mtito Andei. Ni karibu mita za mraba 41. Lakini kwa kuwa kila mlaji alilala ubavu juu ya kitanda, walitosha watu tisa hivi kwa starehe, na kanisa la nyumbani lilipozidi idadi hiyo, mwenyeji aliwaingiza rafiki zake katika triklinio na kuwaacha wengine uani, ambako walikaa chini na, kwa desturi ya karamu za Kirumi, wangeweza kupewa chakula cha daraja ya chini.

Wataalamu wengine wameitilia shaka tafsiri hiyo, wakisema kwamba haijulikani kama Wakristo wa Korintho walikutana katika nyumba za kitajiri namna hiyo, na shaka yao ni ya haki. Hata hivyo hoja yenyewe inasimama kama jambo la kufikiriwa, kwa sababu inaonyesha jinsi samani inavyoweza kuwa hukumu. Chumba kile kile, vitanda vikiondolewa na watu wakaketi sakafuni au kwenye mabenchi, kingewachukua watu mara kadhaa zaidi. Kilichokifanya kuwa kidogo ni heshima ya kulala ubavu, ambayo wachache hawakuwa tayari kuiacha. Wala haihitajiki kwenda mbali mpaka Korintho ili kuliona jambo hilo, maana katika Kenya ya ukoloni kumbi za kulia za hoteli zilitengwa kwa rangi ya ngozi, na ukumbi mpana wenye feni na vitambaa vyeupe ulikuwa, kwa Mwafrika aliyejenga kuta zake na kuosha sahani zake, hauna hata nafasi ya kiti kimoja.

Uislamu umelitaja suala hili waziwazi. Aya ya 11 ya Sura al-Mujadila inawaagiza waumini, wanapoambiwa wapeane nafasi katika mabaraza, wapeane, nayo inaahidi kwamba Mwenyezi Mungu atawapa nafasi wao. Wafasiri huieleza kwa hali ya watu waliosongamana ili wawe karibu na Mtume Muhammad, hata anayechelewa akakosa pa kukaa. Kinachovutia katika agizo hilo ni kwamba halisemi mahali papanuliwe. Linachukulia kwamba kuta ni zile zile, na kwamba upana unatoka kwa waliokwisha kuketi. Desturi ya Waswahili ya kula pamoja katika sinia moja juu ya mkeka ni matumizi ya fikra hiyo, kwa kuwa mduara wa sinia hauna viti vya kuhesabu, na anapoingia mtu wa saba waliopo hugeuza mabega, mmoja mmoja, mpaka pengo linapatikana.

Masikh walioletwa na reli walileta fundisho la aina hiyo, nao walikuwa mafundi wa mbao na chuma hasa: maseremala, wahunzi na mafundi mitambo. Mjini Makindu, katika barabara ya kutoka Mtito Andei kuelekea Nairobi, wafanyakazi wa reli walijenga mwaka 1926 hekalu lao, gurudwara, ambalo mpaka leo huwalisha wasafiri wa dini yoyote bila malipo. Mlo huo huitwa langar, yaani jiko la jumuiya, desturi iliyoanzishwa katika siku za Guru Nanak, aliyeishi kati ya mwaka 1469 na 1539, na kuimarishwa na Guru Amar Das, ambaye kwa masimulizi ya Kisikh alimtaka kila anayekuja kumwona aketi kwanza katika mstari wa walaji, hata mfalme Akbar. Kwa asili yake langar huliwa watu wakiwa wameketi sakafuni katika safu, bila kiti cha juu wala cha chini. Ukitazamwa kwa jicho la fundi wa vyumba, utaratibu huo ni matumizi bora kabisa ya sakafu. Ukitazamwa kwa jicho la dini, ni kukataa kwamba mtu mmoja aweza kuchukua mahali pa watatu kwa sababu ya cheo chake. Hakuna haja ya kuamua ni jicho gani lililotangulia, kwa kuwa katika langar mambo hayo mawili ni tendo moja.

Wakamba wenyewe walikuwa na thome, uwanja wa nje ya boma ambako wanaume walikusanyika jioni kando ya moto, wakaletewa chakula na kuwafundisha vijana mambo ya ukoo. Thome haikuwa na ukuta, na mara nyingi hutajwa kwa hamu kama kielelezo cha ukarimu uliopotea. Inastahili hamu hiyo kwa sehemu tu, kwani wanawake waliopika chakula cha muthokoi kilicholiwa hapo walikula ndani, karibu na mafiga na moshi, na uwanja usio na ukuta ulikuwa na mpaka ambao kila mtu aliujua. Kwa hiyo chumba kidogo cha kulia cha leo, ambamo mume, mke, watoto na bibi wanakula meza moja, kina upana ambao thome haikuwa nao, na mtu anayekisikitikia kwa kuwa ni cha mita tatu anapaswa kulikumbuka hilo.

Kutokana na haya yote, mbinu za kukipanua chumba zinaweza kupimwa kwa kigezo kimoja ambacho wapambaji hawakitumii. Rangi nyeupe, taa za ukutani, miguu myembamba ya meza na kioo mkabala wa dirisha ni halali na ni njema, kwa kuwa zinaondoa vizuizi visivyo na faida na kumfanya mlaji atulie bila kumnyima mtu mahali. Benchi ni bora kuliko viti vya chuma vyenye mikono, kwa sababu benchi la mita 1.8 lina watu watatu kwa hesabu lakini hukubali wanne wakipendana, wakati kiti chenye mikono kimeshaamua. Meza inayokunjuliwa, yenye ubao wa ziada unaoshikwa kwa bawaba, inashinda meza kubwa isiyosogea na pia inashinda meza ndogo ya kudumu, kwa kuwa inaruhusu chumba kiwe na ukubwa wa siku husika. Kinachopaswa kukataliwa ni upana unaopatikana kwa kupunguza walaji, hata kama picha yake ni nzuri.

Baada ya hapo kuna mpaka ambao hauondoki kwa mbinu wala kwa wema. Watu kumi na wawili hawatoshi katika mita tatu kwa tatu, na anayewaambia wasogee zaidi anawaonea. Kwa hali hiyo hatua yenye maana kuliko zote ni mlango. Fundi wa kuchomelea wa Mtito Andei anaweza kutengeneza mlango wa chuma wa kukunjika wenye mikunjo mitatu au minne, uliotiwa vioo katika nusu yake ya juu, ambao ukifunguliwa huondoa karibu ukuta mzima na kukiunganisha chumba na veranda au ua, hivyo benchi moja hubaki ndani na jingine hutolewa nje, meza ikikaa kizingitini. Gharama yake ni kubwa kuliko ya mlango wa kawaida, bawaba zake zinahitaji grisi mara kwa mara kwa sababu ya vumbi la nyika, na usiku lazima ufungwe kwa komeo la maana. Lakini jioni, joto la bati likishapungua, ndiyo sehemu pekee ya chumba inayoweza kumwambia mtu wa kumi na mbili akae bila kumwomba wa kwanza ainuke. Mwenye nyumba aliye na fedha za jambo moja tu, kioo au mlango huo, ana sababu za kutosha za kuanza na mlango.